Edmond wa Kamba na Maneno ya Mashini

Pale Masisi, ukikuta ukuta wenye maandishi yaliyonyooka, ujue Edmond amepita hapo. Jina la kanisa, mlango wa kituo cha afya, duka la Mama Kanyere aliyetoka Butembo na mabunda yake ya vitenge, misalaba ya makaburini, hata ubao wa saluni wenye kichwa cha mwanamke mwenye shingo kama ya twiga: vyote vilitoka mkononi mwake. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache, mwenye haya kupita kiasi. Mteja akimlaumu, yeye alitazama vidole vya miguu yake mpaka mteja achoke. Lakini akishika brashi, mkono haukutetemeka.

Unyoofu wa herufi zake ulitokana na kamba. Ilikuwa kamba nyembamba ya katani, ndefu, aliyoipaka unga wa makaa. Kabla ya kuandika, kamba huwekwa ukutani, mtu mmoja ameshika ncha hii, mwingine ameshika ncha ile, halafu huvutwa kidogo nje na kuachwa irudi. Tap! Mstari mweusi unabaki ukutani, na herufi zinasimama juu yake kama askari. Peke yako huwezi. Unaweza kupiga msumari badala ya mtu, lakini msumari haujui kusema "panda kidogo" wala "shuka kidogo".

Kwa hiyo tangu walipooana, ncha ya pili ilishikwa na mke wake, Anastasie. Yeye alifumba jicho moja, akapima, akasema, "Papa Benita, panda. Panda tena. Hapo! Usiguse." Benita alikuwa binti yao wa kwanza, aliyeolewa Hombo. Jioni mume na mke walirudi nyumbani vidole vyeusi, na majirani waliwatania kwamba wametoka kuiba makaa. Pete zao za ndoa zilipotea mwaka ule walipokimbia vita kwa miguu mpaka Walikale. Kamba haikupotea. Anastasie aliifunga kiunoni chini ya kitenge, na Edmond hakuwahi kusahau jambo hilo.

Shule yake iliishia msingi. Kifaransa alikisoma polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Kiingereza hakukijua kabisa, ila alikuwa na magunia. Kila vita ilipowamwaga watu kutoka vilimani, malori yalileta unga na mafuta kwa wahamishwa, na juu ya magunia yale kulikuwa na herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuona: nene, zilizosimama wima, zisizo na aibu. Edmond aliomba magunia matupu, akakata sehemu zenye maandishi, akazitunza chini ya kitanda. Hizo ndizo zilimfundisha kazi. Alizichora bila kujua zinasema nini, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Juu ya barabara inayokwenda Walikale kulikuwa na kampasi ndogo ya chuo, majengo ya mbao na moja la matofali. Wanafunzi walitoka Ntoto, Hombo, Rubaya na vijiji ambavyo siku hizo vilikuwa na mwenyewe huyu leo na mwenyewe yule kesho. Mwanafunzi akibeba pesa ya chakula, bariere ya kwanza ya wenye bunduki barabarani ilimpunguzia, ya pili ilimmalizia, akafika kampasi na vitabu vyake tu. Basi marafiki wa chuo, watu wa kanisa moja kule Kampala, wakatuma kadi na mashini. Mzazi alituma pesa kwa simu, chuo kikaitia kwenye kadi, na mwanafunzi alipita bariere zote mfukoni mna kipande cha plastiki tu. Wenye bunduki walikigeuza, wakakigonga kwa ukucha, wakakirudisha. "Hii haiuzi hata sigara. Pita."

Mashini zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ndefu kama kabati, ilisimama karibu na dirisha la Sekretere, na hiyo ndiyo iliyojaza kadi. Nyingine ilikuwa ndogo kama mche wa sabuni, ilikaa juu ya meza ya kantini. Ukiitia kadi mdomoni inalia pii, ndipo unapewa sahani. Jina lake hakuna aliyelijua. Wanafunzi waliita ile kubwa Mama na ile ndogo Mutoto.

Aliyechaguliwa kuketi nyuma ya Mutoto ni Anastasie, kwa sababu alipikia kantini tangu zamani na hakuwa mtu wa kubabaika. Kuanzia hapo kamba ya Edmond ikabaki na ncha moja. Alipiga msumari. Mistari ikaanza kuinama, kidogo tu, kiasi ambacho watu hawakuona. Yeye aliona.

Siku moja Sekretere wa kampasi, Papa Damien, mtu mnene wa sauti kubwa, alimwita ofisini. Wageni wa Kampala walikuwa wanakuja kuona mashini zao. Alitaka vibao viwili vya Kiingereza, kimoja juu ya Mama, kimoja juu ya Mutoto.

"Kingereza yenyewe atatafuta Trésor," Damien akasema. "Weye utaandika tu."

Trésor alikuwa ameketi pale pale, kijana wa shati jeupe, miguu mirefu imenyooshwa kama yuko kwake. Wazazi wake walimkimbiza Uganda akiwa mchanga, akakulia kambini, sasa amerudi na Kiingereza kilichomtoka kama maji. Alifundisha mwaka wa kwanza. Anastasie naye aliitwa, kwa sababu yeye ndiye aliyezijua mashini kwa vidole.

"Ile kubwa tuandike CASH," Trésor akasema. "Kampala neno hilo liko kila fasi."

Damien akashika kichwa. "Mutoto wangu, wale watu ya bunduki, ya juu kwenye kilima, Kingereza wanajua neno moja tu, na njo hilo! Unataka waje na shoka?"

"Watapasua, watakuta waya," Anastasie akasema. "Watakasirika, kisha watakula maharagwe yangu yote."

Wakacheka wote. Trésor akajaribu tena. "Sawa. Ile ndogo inasoma kadi. Kwa hiyo tuseme READER, yaani musomaji."

"Musomaji? Iyo iko kazi ya Papa Valentin, siku ya Mungu, mbele ya padri," Damien akasema.

"Kuko pia TERMINAL."

"Iyo si ya ndege?" Damien akauliza.

Anastasie alicheka akiwa ameweka kiganja mdomoni, kichwa kimeinama upande. Edmond aliujua mcheko ule. Aliujua tangu siku za uchumba, alipomletea mkungu wa ndizi akateleza nao kwenye matope mbele ya mama mkwe. Ilikuwa miaka mingi hajausikia, na sasa amesikia, na hakuwa yeye aliyeuleta. Akaanza kukwangua rangi kavu kwenye kucha yake.

"Papa Edmond, unasema nini?" Damien akauliza.

Edmond akatazama vidole vya miguu yake. "Nangoja maneno."

Akangoja. Maneno hayakuja. Kila siku Trésor alikuwa na jipya, na kila siku Anastasie alirudi nalo nyumbani, akilitamka huku akichambua majani ya sombe.

"Papa Benita, unajua kujaza kadi Waingereza wanasemaje? Leo Trésor amesema kumbe haiko LOAD, LOAD iko muzigo, kama ile watu ya Rubaya wanabeba mugongoni. Kuko neno ingine. Anatafuta."

"Anatafuta," Edmond akasema.

"Ana akili, ule mutoto."

Neno "mutoto" halikumsaidia Edmond. Mtoto gani mwenye ndevu? Akaanza kuangalia mambo ambayo hakuwahi kuyaangalia. Kitenge cha Pasaka kilivaliwa siku ya kazi. Mafuta ya kichwa yalipungua haraka. Anastasie alitoka mapema, akaimba njiani. Huenda aliimba siku zote, lakini sasa kila wimbo ulikuwa na shati jeupe ndani yake. Usiku milio ya risasi ilisikika mbali, upande wa pili wa bonde, na mke wake alilala fofofo kama mtu asiye na deni moyoni. Yeye alikodoa macho kwenye mabati, si kwa sababu ya risasi.

Ikatokea kwamba Trésor alikuwa na binamu anayesoma chuo kikuu Kampala, mahali ambapo kadi na mashini za namna hiyo ziko tele. Angemuuliza. Lakini rezo ya simu Masisi ilipatikana juu ya kilima cha mikaratusi tu, na siku nyingine hata huko ilikosekana. Alasiri moja Edmond alikuwa akiandika jina la duka, peke yake na msumari wake, akainua macho. Juu ya kilima, mbele ya anga, walisimama watu wawili. Mmoja mrefu, mweupe kiunoni kwenda juu. Mwingine alikuwa na kitenge cha njano, kitenge cha Pasaka. Walikuwa wameegemeana vichwa, sikio kwa sikio, kama watu wanaonong'onezana. Wakakaa hivyo. Wakaendelea kukaa hivyo.

Rangi ilidondoka kutoka kwenye brashi ikamwangukia Edmond mguuni. Mwenye duka akamwuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba ni jua. Hakukuwa na jua.

Jioni ile Anastasie aliingia na furaha yake yote. "Tumempata! Binamu amesema kule kwao wanaandika—"

"Fufu iko wapi?" Edmond akasema.

Mke wake akamtazama, akaenda jikoni.

Bado Edmond angevumilia. Alikuwa mtu wa kuvumilia. Lakini kesho yake alikwenda kampasi kupima mahali pa kuning'iniza vibao, akasukuma mlango wa kantini, na kilichokuwa ndani kikamsimamisha. Trésor alikuwa upande huu wa ukuta, mkono juu. Anastasie alikuwa upande ule, jicho moja amefumba. Kati yao, imekazwa barabara, ilikuwa kamba yake.

"Panda," Anastasie alikuwa akisema. "Panda tena. Hapo! Usiguse."

Maneno yale yale, sauti ile ile.

"Ah, Papa Benita! Nilibeba kamba asubuhi, tulisema tukupimie, usichoke."

Trésor akacheka. "Papa Edmond, angalia mikono yangu! Nimekuwa muchomaji wa makaa."

Edmond alimwendea, akaitoa kamba vidoleni mwake bila kumtazama usoni. Akaizungusha kwenye kiganja taratibu, zungusho kwa zungusho, mpaka akafika kwa mke wake. Akachukua na ile ncha nyingine. Akatoka. Mlango aliuacha wazi.

Siku mbili kabla ya wageni, Trésor mwenyewe alileta karatasi nyumbani. Maneno yalikuwa yamepatikana, ameyaandika kwa herufi kubwa, safi. Edmond aliipokea, akaifunika kwa kopo la rangi ya bluu. Alikaa akilitazama kopo. Kwa nini aandike maneno yaliyopatikana sikio kwa sikio? Yeye pia alikuwa na Kiingereza. Alikuwa nacho kabla huyu hajaota ndevu.

Akavuta magunia kutoka chini ya kitanda.

Kuna maneno ambayo Edmond alikuwa ameyaona kwenye kila gunia la unga, kila kopo la mafuta, kila boksi la biskuti. Unga si mafuta, mafuta si biskuti. Kinachofanana ni kwamba vyote ni chakula cha kupewa watu. Zamani sana alikuwa amekata shauri kwamba hiyo ndiyo maana yake: chakula cha watu. Nini kingefaa zaidi juu ya meza ya kantini? Akaandika kwa rangi ya bluu: NOT FOR SALE. Na kwa ile mashini kubwa alichagua maneno yaliyokuwa ubavuni mwa maboksi pamoja na mshale. Mshale ni mshale. Unaonyesha mahali. Akaandika: THIS SIDE UP, akachora na mshale mnene. Mstari ulilala kidogo kwa sababu ya msumari, lakini herufi zilikuwa nzuri, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikula akashiba.

Anastasie alipouliza kama vibao viko tayari, alijibu kwamba viko tayari.

Masisi kitu kipya hakionyeshwi hivi hivi. Kinafunikwa kitenge, mgeni anakivuta, watu wanapiga vigelegele. Kwa hiyo Edmond alivining'iniza vibao alfajiri vikiwa tayari vimefunikwa, na kitenge kilichofunika kile cha kantini kilikuwa kile cha njano. Alikichagua mwenyewe. Papa Damien alikuwa anahangaika na viti, Trésor alikuwa barabarani kupokea wageni. Hakuna aliyechungulia.

Wageni walikuwa wanawake wawili na mchungaji mmoja. Mkubwa wao, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alipelekwa kwanza kantini. Wanafunzi walikuwa wamepanga mstari, kadi mkononi, harufu ya maharagwe imejaa. Mgeni akavuta kitenge. Vigelegele vikapanda, halafu vikakatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri.

Wanafunzi wa Kiingereza walisoma kwanza. Mmoja alishika tumbo. Mwingine alimwegemea mwenzake. Kisha Faustin, kijana wa Rubaya mwenye mabega ya kubebea mizigo na mdomo usiojua kupumzika, akarudisha kadi yake mfukoni, akasogeza sahani.

"Mama Anastasie, tia."

"Kadi kwanza."

"Kadi ya nini? Soma juu. Imeandikwa HAIUZWI. Wageni wenyewe wamefungua, mbele ya mchungaji. Tia, mama, na ukoko pia."

"Faustin, acha mchezo."

"Si mimi, ni kibao!"

Na wote nyuma yake wakaanza kurudisha kadi mfukoni. "Haiuzwi! Haiuzwi!" Sahani zikagongwa kwa vijiko. Mutoto alikaa mezani mdomo wazi, hakuna aliyemlisha. Mgeni mwenye miwani alijitahidi kutocheka, akashindwa, akageukia ukuta. Wakati huo huo sauti nyingine ilitoka upande wa ofisi, ambako kibao cha pili kilikuwa kimefunuliwa na upepo: mwanafunzi mmoja alikuwa akiuliza kwa nini kabati lile limeandikwa UPANDE HUU JUU kama boksi, na kama kuna mtu aliyetaka kulipindua.

Papa Damien hakucheka. Uso ulimwiva.

"Mama Anastasie! Kantini iko yako, kibao iko yako, muntu aliyeandika iko wako! Nimekuwa kichekesho mbele ya Kampala. Kesho nitaweka mwingine kwenye hii mashini."

Edmond alikuwa amesimama nje, nyuma ya mwavokado, mahali alipopachagua ili aone Trésor akishangaa. Alisikia yote. Alimwona Trésor akifungua mdomo, na alijua kinachotaka kutoka: nilimpa karatasi, nilimpa mkononi. Lakini Anastasie alimtangulia.

"Papa Sekretere, ni mimi. Karatasi zilichanganyika kwangu nyumbani. Mume wangu anaandika anachopewa."

Akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza kando ya Mutoto. Akapita kati ya wanafunzi, akashuka kilima.

Edmond hakumkimbilia. Alipofika nyumbani alimkuta ameketi kwenye kigoda, kile kitenge cha njano mapajani.

"Sema," Anastasie akasema. "Leo utasema, hata kama ni neno moja. Karatasi ya Trésor iko wapi?"

Edmond akainua kopo la rangi. Karatasi ilikuwa pale, na duara la bluu juu yake.

"Kwa hiyo uliiona. Hukusahau, hukupoteza. Uliiona." Sauti yake ilishuka, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Nimekukosea nini?"

"Kule juu," Edmond akasema. "Kwenye mikaratusi. Niliwaona."

"Uliona nini?"

"Vichwa."

Anastasie alifikiri, kisha akapiga magoti yake kwa viganja. "Mungu wangu! Simu ya Trésor imekufa sauti, inasikika kama mbu. Binamu anauliza mashini inafanya nini, inalia wapi, kadi inaingia upande gani. Trésor haijui, mimi njo najua. Simu iko moja, rezo iko moja. Ulitaka tukate masikio tuyatume?"

"Na kitenge ya Pasaka?"

"Kitenge ingine umeimwagia rangi, weye mwenyewe, na hukuona hata!"

Edmond aliangalia vidole vya miguu, kimoja bado kilikuwa na tone lililokauka. Kisha alisema kile alichokuwa amekibeba siku zote zile.

"Ulimpatia ncha yako."

"Ncha gani?"

"Ya kamba. Ulimwambia panda, panda tena, hapo, usiguse. Ile iko fasi yako na yangu. Umempatia muntu mwingine."

Anastasie akakitandua kitenge mapajani, akakikunja upya, ingawa kilikuwa kimekunjwa vizuri. Nje mtu alipita akiswaga mbuzi.

"Basi," akasema mwisho. "Mimi nimesema uongo mbele ya watu juu yako. Sitasema mara ya pili. Kama unataka niketi tena pale, weye njo utaenda kwa Papa Damien. Na mdomo wako, si vidole vya miguu."

Wageni walikuwa wamepanga kuondoka asubuhi iliyofuata, lakini barabara ya Sake ilifungwa kwa mapigano, wakabaki kampasi wakisubiri. Kwa hiyo Edmond alipopanda kilima aliwakuta wote barazani: Damien, Trésor, mwanamke mwenye miwani na kikombe chake cha chai. Alitamani arudi. Akavua kofia.

"Papa Sekretere. Karatasi haikuchanganyika. Trésor alinipa ya kweli. Nilikataa kuiandika."

"Ulikataa? Juu ya nini?"

Edmond alihisi masikio yanawaka. "Wivu," akasema.

Hakuna aliyeuliza wivu wa nini. Trésor alitazama chini, naye pia kwenye vidole vya miguu. Damien alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. Mwanamke mwenye miwani akaomba atafsiriwe, na Trésor akasema kitu kifupi ambacho Edmond hakukielewa. Mwanamke akatikisa kichwa taratibu, akanywa chai yake.

"Mama Anastasie arudi," Damien akasema hatimaye. "Wanafunzi wamesumbua tangu asubuhi, hakuna anayejua Mutoto inawashwa wapi. Lakini vibao sitaki. Andika ukutani, kubwa, leo. Na maneno ya Trésor!"

"Hata hayo mama huyu ameyabadilisha," Trésor akasema, akimwonyesha mgeni. "Binamu alinipa jina ndefu ya kila mashini. Mama anasema watu hawatafuti jina, wanatafuta la kufanya. Hapa unajaza. Hapa unalipa. Basi." Akaandika upya kwenye karatasi ile ile yenye duara la bluu, ambayo Edmond alikuja nayo: TOP UP HERE. PAY HERE. "Na CASH haiko."

"Ashukuriwe Mungu," Damien akasema.

Ukuta wa kantini ulikuwa mrefu. Ukitaka mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka dirishani, watu wawili hawatoshi. Kamba inalegea katikati, inahitaji mtu wa tatu wa kuipiga. Anastasie alikuja, aproni kiunoni, akashika ncha iliyo karibu na meza ya Mutoto. Trésor alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu asiyejua kama amealikwa. Wanafunzi walikuwa wanatazama. Faustin alikuwa na utani wa tayari, lakini Anastasie alimtazama mara moja akaumeza.

Edmond alishika ncha ya pili muda mrefu. Kisha akamwendea Trésor, akaiweka kiganjani mwake.

"Kule," akasema. "Kwenye dirisha."

Trésor akaenda mpaka dirishani, upande wa mwisho kabisa wa ukuta. Kamba ikakazwa. Edmond akaja akasimama katikati, mbele yake ukuta, mkono wake wa kushoto ulikuwa upande wa mke wake na wa kulia upande wa yule kijana.

"Panda," Anastasie akasema, jicho moja amefumba. Kisha akatua kidogo. "Papa Benita, mwambie apande."

"Panda," Edmond akamwambia Trésor.

"Panda tena."

"Panda tena."

"Hapo. Asiguse."

"Usiguse," Edmond akasema, na akaipiga kamba. Tap. Mstari mweusi ukakimbia kutoka mwisho mpaka mwisho, haukuinama popote.

"Papa Edmond," Trésor akaita, "nisogee karibu, tupige ya chini?"

"Hapana," Edmond akasema. "Uko vizuri. Baki kule kule."

Upande wa kushoto akasikia mcheko, wa mtu aliyeweka kiganja mdomoni. Hakugeuka. Aliuacha umwingie polepole, akachovya brashi.